Sekunde za Kubadili Magazini

Januari 8, 2011, mbele ya duka la vyakula mjini Tucson, Arizona, mbunge Gabrielle Giffords alikuwa akizungumza na wapiga kura wake. Akaja kijana mwenye bastola iliyochomekwa magazini ya risasi 33. Haikupita dakika, watu 6 walikuwa wameuawa, mmoja wao mtoto wa miaka 9, na 13 kujeruhiwa, Giffords mwenyewe akiwa na jeraha la risasi kichwani. Risasi zilipomwishia, kijana yule alitoa magazini nyingine. Hapo ndipo watu walipomrukia na kumwangusha, na mwanamke mmoja akaing’ang’ania ile magazini hadi akamnyang’anya.

Mwezi huohuo, mbunge Carolyn McCarthy wa New York alipeleka bungeni mswada wa kupiga marufuku magazini za risasi zaidi ya 10. Msiba wa namna hii aliujua tangu Desemba 7, 1993, mumewe alipouawa na mwanawe kujeruhiwa vibaya ndani ya treni ya Long Island. Abiria 6 walikufa siku ile. Muuaji alikamatwa na abiria watatu, naye pia akiwa anabadili magazini.

Mswada ulikuwa unatafuta sekunde hizo za kubadili magazini, nami nauunga mkono kwa sababu hiyo. Wapinzani husema aliyezoea silaha hubadili magazini kufumba na kufumbua, kwa hiyo kikomo hakimzuii. Husema pia kwamba anayevamiwa nyumbani usiku hana nafasi ya kuhesabu risasi. Hoja ya pili naiheshimu. Hofu ya mlango unaovunjwa gizani si ya kubezwa. Lakini hoja hizi mbili haziwezi kusimama pamoja. Kama kubadili ni kazi nyepesi, mwenye nyumba naye ataimudu. Kama ni nzito, basi muuaji naye itamchelewesha, na penye watu wengi kuchelewa kwake ni uhai wa mtu.

Udhaifu hasa uko kwingine. Sheria ya mwaka 1994, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, iliweka kikomo hichohicho cha 10, ila iliruhusu magazini zilizokwisha kutengenezwa ziendelee kuuzwa. Ilipomaliza muda wake mwaka 2004, za zamani zilikuwa bado tele. McCarthy alitaka kuziba tundu hilo kwa kukataza hata hizo zisibadili mikono, ingawa mwenye nayo angebaki nayo. Mimi ningekwenda mbali zaidi: serikali izinunue, kama New Zealand ilivyofanya baada ya watu 51 kuuawa misikitini Christchurch mwaka 2019.

Mswada wake haukupita. Aprili 17, 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Seneti ilipigia kura kikomo kama hicho: 46 waliunga mkono, 54 wakakataa. Majimbo kadhaa yakabaki na sheria zao, California ikiwamo. Lakini mwaka 2019, watu 3 walipouawa kwenye tamasha la kitunguu saumu huko Gilroy, California, bunduki iliyotumika ilikuwa imenunuliwa jimbo jirani la Nevada, nayo ilikuwa na magazini ya risasi 75.