Tusipande Mboga kwa Kufuata Wingu

Upo msemo unaorudiwa kila mwaka katika miji yetu ya pwani, kwamba mvua zikianza ndipo wakati wa bustani. Basi mwezi wa Machi ukifika na wingu likitanda, wafanyakazi hukimbilia madukani kununua mbegu, majembe hutolewa mvunguni, na kila uga wenye nafasi hulimwa. Hata mwezi wa Mei ukiisha, nyanya zimekwisha kwa ukungu, mchicha umelazwa chini na matone, na mwenye bustani husikika akilaumu udongo, au mbegu, au mkono wake usio na baraka. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Udongo hauna kosa hapa, wala mbegu haina kosa. Kilichokosewa ni wakati.

Wako watakaosema kuwa jambo hili ni dogo mno kuandikwa katika ukurasa huu. La hasha! Mtu mwenye mshahara hununua mboga kila siku ya Mungu, na fedha itokayo kidogo kidogo haionekani inavyotoka. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku. Nyumba yenye watu wazima watano, basi, yataka kilo 2 kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi wa siku thelathini. Kila mwenye kupeleka kikapu sokoni na afanye hesabu hiyo mwenyewe kwa bei ya soko lake, ndipo atambue kwamba tuta moja nyuma ya nyumba lina sehemu yake katika mshahara.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na kalenda ya ukutani, lakini waliyajua majira kwa majina yake. Kaskazi ikivuma, kutoka Desemba hata mwanzo wa Machi, huwa ni joto kali. Masika huja baadaye, Machi hata Mei. Kisha upepo hugeuka kuwa kusi, na katikati yake kuna kipupwe, miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati wa ubaridi na ukavu. Hufuata demani, na mwishoni mwa mwaka hunyesha mvua za vuli. Mtu akiyapima majira hayo kwa macho ya mwenye bustani, ataona kwamba msimu ulio bora kwa mboga nyingi za pwani si ule wa mvua kubwa. Ni kipupwe, wakati ambapo watu wengi wamekwisha kuweka majembe yao chini.

Tuangalie nyanya, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Nyanya ina maadui wawili, nao ni majani yaliyolowa na usiku wenye joto. Katika masika majani hayakauki, na ugonjwa wa bakajani huenea bustani nzima kwa siku chache. Katika kaskazi, usiku wa Dar es Salaam mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 24, na hapo maua hupukutika bila kufunga tunda, kwa kuwa chavua yake haina nguvu. Unabaki wakati mmoja tu uliomfaa mmea huu. Mbegu isiwe shambani bali kitaluni katikati ya Mei, chini ya kichanja cha makuti cha kuzuia matone. Miche ihamishwe katikati ya Juni, mvua zikiwa zimekatika na udongo ungali na unyevu. Maua yatatoka Julai katika ubaridi, na mwisho wa Agosti mtu ataanza kuchuma.

Msomaji mwerevu atauliza, "Mbona miezi hiyo nyanya ni rahisi sokoni? Faida iko wapi?" Swali hilo ni la haki. Nyanya hupanda bei katika masika kwa sababu ni vigumu kuzilima wakati huo, na barabara za kutoka milimani kama Mgeta na Lushoto huwa na tope. Mwenye uga mdogo hawezi kuishinda hali hiyo kwa kushindana nayo. Apandaye nyanya katika kipupwe hapati bei kubwa, lakini nyanya anapata. Apandaye katika masika mara nyingi hukosa bei na hukosa nyanya. Kwa hiyo masika tuwape wenyewe, yaani matembele, kisamvu, majani ya maboga, bamia na nyanya chungu. Mbegu ya boga ikifukiwa mvua za kwanza za Machi, haitasumbua mtu tena mpaka majani ya kuchuma yawe tele. Mboga hizi hazina sifa kubwa mezani kwa wageni, lakini ndizo zinazostahimili mvua.

Mchicha nao una sheria yake. Hukomaa upesi, wiki tatu mpaka nne, na kwa sababu hiyo watu humwaga pakiti nzima siku moja. Matokeo ni kwamba nyumba hula mchicha kwa wiki moja mpaka ikauchoka, nusu yake huchanua maua, kisha huenda sokoni kununua mwezi mzima. Afadhali tuta ligawanywe mafungu mawili, na kila baada ya wiki mbili lipandwe fungu moja. Mbegu ni ile ile, udongo ni ule ule, ila mboga haikatiki jikoni.

Hapa ndipo tunapofika kwenye shina la maoni yetu. Wengi huuliza, "Leo nipande nini?" Yafaa waulize, "Nataka kula lini?" kisha wahesabu kurudi nyuma. Chukua mwezi wa Januari, ambao kila mzazi anaujua. Sikukuu zimekwisha kula akiba, watoto wanataka sare na madaftari, na jua limekausha bustani za watu. Mwenye kutaka bamia mwanzoni mwa Januari ahesabu siku sitini kurudi nyuma, naye atafika mwanzoni mwa Novemba, katikati ya vuli. Mwenye kutaka mchicha wakati huo huo atapanda mwanzoni mwa Desemba. Kabichi hukaa kitaluni mwezi mmoja na shambani karibu miezi mitatu. Kitunguu huvuka hapo, na kinataka kukomaa katika ukavu ili kisioze. Na samadi nayo sharti iwe imeoza vema kabla ya kuguswa na mche, hivyo kazi ya kupanda huanza mwezi mzima kabla ya mbegu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Lakini tuseme wazi kwamba hesabu ya pwani si hesabu ya nchi nzima. Dodoma, Singida na Tabora hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu kabisa. Ndiyo maana watu wa kati, tangu zamani, hukausha mlenda na majani ya kunde wakati wa wingi, wakaweka akiba ya kiangazi. Hiyo ni elimu kamili ya majira, nayo yastahili heshima. Huko Njombe na nyanda za juu za kusini, Juni na Julai huleta baridi hata jalidi, na anayeiga kipupwe cha Dar es Salaam akapanda nyanya wazi atakuta miche imeungua asubuhi, ingawa jirani yake mwenye kabichi au karoti hana taabu. Kwa hiyo mtumishi anayehamishwa kutoka Tanga kwenda Iringa asibebe kalenda yake pamoja na mizigo. Awaulize kwanza wenyeji.

Tena majira yenyewe hayana utulivu kama zamani. Vuli ya mwaka 2022 ilikuwa haba, na mwezi wa Oktoba mwaka huo maji ya Mto Ruvu yalipungua hata wakazi wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa mgawo. Mwaka uliofuata, 2023, vuli ilikuja na mafuriko ya El Niño. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliifikia pwani yetu. Mwenye kupanda kwa mazoea tu, katika miaka mitatu hiyo, alipata hasara za namna tatu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla msimu haujaanza, nao husomwa redioni kwa lugha yetu. Watu huusikiliza wakitafuta habari za mafuriko, kisha wakausahau walipokuwa wakipaswa kuuchukua mpaka bustanini.

Wako wasemao kwamba kipupwe hakina mvua, na maji ya bomba yana bili. Ni kweli, nasi hatulipuuzi neno hilo. Lakini tuta la mita 1 kwa mita 5 lataka kiasi cha lita 25 kwa siku, yaani ndoo moja na robo ya lita ishirini, na kiasi hicho hupungua likifunikwa majani makavu. Maji yaliyooshea mchele na mboga katika nyumba yenye watu wengi yatatosheleza sehemu kubwa yake. Jambo moja tunalikataza kwa nguvu zote, nalo ni kumwagilia kwa maji ya mifereji ya viwanda na ya vyoo. Mwaka 1999 watafiti walichapisha habari za madini mazito katika mboga zilizolimwa bonde la Msimbazi. Tuta dogo lenye maji safi lashinda ekari ya sumu.

Sasa twawageukia viongozi. Mwezi wa Mei mwaka 1972 Chama kilitoa kule Iringa tamko la Siasa ni Kilimo, na tangu hapo hatujapungukiwa wito. Lakini wito hauoteshi mbegu iliyokosa majira yake. Mara ngapi tumeona siku ya kampeni ikipangwa kwa kufuata ratiba ya mgeni rasmi, mbegu zikagawiwa jua likiwa utosini mwezi wa Februari, picha zikapigwa, na baada ya wiki mbili uwanja ukabaki mtupu? Kampeni ya namna hiyo huwafundisha watu kwamba bustani haifai, nayo ni hasara kubwa kuliko bei ya mbegu. Bora mbegu kumi zinazogawiwa Mei kuliko gunia linalogawiwa Februari.

Tunashauri mambo mawili, na yote mawili hayana gharama. La kwanza, kila tawi na kila ofisi ya mtaa ibandike ubaoni kalenda ya mboga ya mahali pale, iliyoandikwa na afisa ugani pamoja na wazee wanaolima hapo, si iliyonakiliwa kutoka mkoa mwingine. La pili, siku za kampeni zipangwe kwa kufuata kalenda hiyo, na mgeni rasmi aje siku mbegu inayomhitaji, au abaki ofisini kwake.

Kwa mfanyakazi twasema neno moja. Mshahara wako haupo mikononi mwako peke yako, wala bei za soko hazikuulizi. Lakini siku ya kutia mbegu udongoni ni yako mwenyewe. Chukua karatasi usiku huu, andika mwezi unaotaka kula, kisha hesabu kurudi nyuma.