Japani Walinikumbusha Jina Nililolikata

Wasee, wengi mmeniuliza mbona nimerudi kutoka Japani wiki tatu sasa na nimeweka picha nane tu. Picha ninazo, zaidi ya elfu mbili. Kilichonichelewesha ni picha moja ambayo hata sikuipiga kule. Niliipiga hapa Nairobi miaka miwili iliyopita, na wengi wenu mliipenda sana. Nitaifikia. Wacha kwanza nianze na safari, ndio mnipate vizuri.

Tokyo Auto Salon hufanyika kila Januari pale Makuhari Messe, mkoa wa Chiba, nje kidogo ya Tokyo. Ni siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na miaka ya karibuni imekuwa ikivuta watu zaidi ya 200,000. Unashuka treni stesheni ya Kaihin-Makuhari, unafuata umati, basi. Huhitaji ramani. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na jaketi langu la mtumba, ambalo kwa baridi ya Limuru ni moto sana, pale lilikuwa kama shati.

Ukiingia ndani unachanganyikiwa. Kumbi juu ya kumbi, magari mamia. Supra, RX-7, Skyline GT-R, vitu nilivyokua nikiviendesha kwa PS ya mtaani, ile ya kulipa kila mchezo na mwenye duka anakuangalia kama utavunja padi. Nilipoiona R34 ya ukweli mita mbili mbele yangu, nilisimama tu. Dakika nzima nilisahau kwamba nina kamera shingoni.

Na kupiga picha pale ni kazi, msidanganywe. Taa za ukumbi zinaangukia rangi iliyong'arishwa hadi unaona uso wako mwenyewe mlangoni. Watu hawaishi. Unachuchumaa, unasubiri dakika kumi upate sekunde moja ambayo hakuna kiatu cha mtu kando ya rimu. Halafu kuna ile mirundo ya wapigapicha wenye lenzi kama bomba la maji, wote wamewalenga wasichana wa matangazo, na gari lenyewe liko nyuma hakuna anayelijali. Nilipiga tatu nne hapo, nikajiuliza kama hiki ndicho kitu nimetoka Nairobi kufuata, nikasonga.

Siku ya pili ndio nikaanza kuona vibao.

Kando ya magari mengi kuna kibao kinachokuambia gari ni gani, injini imefanywa nini, rimu ni za nani, rangi imepulizwa na nani, bodi imeundwa karakana gani. Mwanzoni vilinikera, maana vinaingia kwenye picha. Nilikuwa nazunguka nikitafuta upande ambao kibao hakionekani. Nikakwepa kibao cha kwanza, cha pili, cha ishirini. Sikuwaza kitu.

Halafu nikafika kwa NATS. Hiki ni chuo cha ufundi wa magari kilicho Narita, hukohuko Chiba, na wanafunzi wake huunda magari wakayaleta maonyesho haya kila mwaka. Soma hiyo tena. Wanafunzi. Gari lao liko chini ya paa moja na la Toyota na la Nissan, na watu wanapanga foleni kuliona.

Mnajua mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, na kwa miaka hiyo miwili sikushika spana hata siku moja. Sitawadanganya kwamba niliacha kwa sababu nilikuwa na ndoto kubwa. Karo iliisha, nikaanza kupiga picha za harusi, na Mathe hadi leo akiulizwa na wageni anasema "kijana yuko likizo ndefu." Kwa hivyo kusimama pale, mbele ya watu wa rika langu ambao kazi yao ya chuo ni gari zima, kuliniuma kidogo. Sikatai.

Mmoja wao aliona nimekaa sana. Kiingereza chake na Kijapani changu vilikuwa sare, sufuri kwa sufuri. Akatoa simu, akanionyesha gari likiwa bado mabati matupu, halafu likiwa limepakwa ile dawa ya kijivu, halafu yeye mwenyewe amejaa vumbi akipiga msasa. Kisha akagusa kifua chake na kuonyesha bampa ya mbele. Mimi. Hii ni mimi. Halafu akanionyesha kwenye kibao mahali jina lake limeandikwa.

Kidole chake kilipokuwa pale kwenye jina, mimi nikaikumbuka ile picha ya Nairobi.

Kabla sijasema, twende kwa gari moja la mwisho. Ukumbi mwingine nilikuta HiAce. Ndio, HiAce, ile ile iliyokubeba ukienda shule ukiwa umekaliwa na mama wa watu. Imeshushwa karibu iguse sakafu, ndani kuna mbao safi na viti vya ngozi, rangi yake ukiipita inageuka. Kuna watu Japani ambao maisha yao ni kutengeneza HiAce tu. Nilicheka peke yangu. Nilitamani kuwaambia wale waliokuwa kando yangu kwamba kwetu gari hili lilipakwa rangi, likawekwa muziki na likapewa jina kabla hata sijazaliwa.

Maana hiki kitu sisi tunacho. Chukua nganya ya abiria 33. Chini ni Isuzu, chesi ya Kijapani. Kuanzia kiti cha dere kwenda nyuma ni sisi: bodi imechomelewa hapa, viti vimeshonwa hapa, taa, muziki, na ile michoro ya kukufanya uache gari tupu lipite ungojee hiyo. Nusu Japani, nusu Nairobi. Na ile nusu ya Japani ina jina kubwa la chuma mbele. Ile nusu yetu ina nini?

Msiniambie Wajapani walizaliwa wakiheshimu mambo haya. Maonyesho haya yalianza 1983 yakiitwa Tokyo Exciting Car Show, na nyuma yake alikuwa Daijiro Inada, mtu wa jarida la magari liitwalo Option. Wakati huo gari lililobadilishwa lilionekana kama chombo cha wahuni wa usiku. Polisi hawakulipenda, kampuni kubwa hazikutaka kuhusishwa nalo. Waliandika, walipiga picha, walitaja nani ameunda nini, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 Toyota wenyewe walikuja pale na AE86 mbili za zamani, moja wameigeuza ya umeme na nyingine inachoma haidrojeni. Kampuni iliyokuwa haitaki kuonekana na wahuni sasa inaleta kazi yake kwa meza yao.

Sisi pia tumepitia hayo. Mnakumbuka, au wakubwa wenu wanakumbuka, sheria za Michuki za 2004 na ule mstari wa manjano. Michoro ikawindwa miaka, hadi 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliposema vijana waachwe wachore. Nganya zikarudi na moto. Lakini kuruhusiwa kuchora na kujulikana kwamba ni wewe umechora ni vitu viwili, na hicho cha pili karao hana hatia nacho. Hapo mwenye hatia ni mimi.

Sasa ile picha. Ni ile ya nganya usiku, mvua imenyesha, taa za zambarau zimemwagika kwenye lami. Ndiyo iliyonitoa kwa wafuasi elfu tatu hadi elfu arobaini. Kampuni moja iliinunua kwa tangazo, shilingi 85,000, na nauli yangu ya Japani ilianzia hapo. Kwenye kona ya chini, nyuma ya ile gari, kulikuwa na jina la mchoraji na namba yake ya simu. Ndogo tu, kwa rangi nyeupe. Niliikata. Sikuikata kwa ubaya. Ilikuwa inaharibu mstari wa picha, ndivyo nilivyojiambia, na nikaweka jina langu mimi upande ule mwingine. Kubwa kuliko lake.

Picha kamili bado iko kwa kompyuta yangu. Nilipofika nyumbani niliifungua, nikasoma ile namba, nikapiga.

"Fundi, ni mimi, yule kijana wa kamera."

"Yule wa Japani?" Akacheka. "Nimekuona huko. Umeniletea nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Hiyo picha niliiona," akasema. "Kijana wangu wa kazi alinionyesha kwa simu. Nikamwambia hii ni yangu. Akaniuliza, sasa mbona imeandikwa mtu mwingine?"

Nikamwambia nataka kurekebisha, niweke jina lake kila mahali.

"Sawa," akasema. "Lakini kwanza niambie, hiyo picha ulilipwa ngapi?"

Wasee, nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani. Nilidhani nikipiga simu nitaonekana mtu mzuri. Nilipomtajia ile pesa alisema nganya ile aliichora siku tisa, usiku na mchana, amevaa kitambaa puani kwa sababu ya harufu ya rangi, na alilipwa chini ya hapo, tena kwa awamu. Hakupiga kelele. Alinihesabia tu.

Najua kuna wenye watasema: mwenye gari alishamlipa, na picha ni jasho lako, umesimama kwa mvua. Ni kweli nilisimama kwa mvua. Lakini hebu toa mchoro kwa ile picha. Kinachobaki ni basi na maji. Kuna pia wapigapicha wenzangu waliniambia nikianza kutaja mafundi, kampuni zitawaendea moja kwa moja na sisi tutakosa. Sasa hapo si umekubali mwenyewe kwamba tumekuwa tukiwaficha?

Tunapenda sana kusema "Japani wako mbele." Tunalisema tukingoja meli Mombasa ituletee gari lao la miaka saba, tunalisema tukiosha rimu zao. Kwa teknolojia wako mbele, sawa. Lakini yule mwanafunzi na ile bampa yake hana mkono kumshinda fundi wangu. Alichonacho ni kibao, na watu wanaokisoma, na mpigapicha asiyekizunguka. Hicho hakihitaji kiwanda. Hakihitaji hata serikali. Kwa upande wangu kilihitaji nisikate picha sentimita mbili.

Kwa hivyo tumekubaliana hivi na fundi. Nusu ya ile pesa ni yake. Japani imenimaliza, kwa hivyo nimemtumia elfu ishirini kwa M-Pesa, na zilizobaki nitamaliza kufikia mwisho wa mwezi ujao. Msinipigie makofi, ni deni la miaka miwili. Kuanzia sasa nikipiga nganya naandika nani amechora, na nikiuza picha hiyo, naye ana fungu. Kama jina halipo kwa gari, nauliza makanga. Makanga hujua kila kitu.

Jina lake hamjaliona hapa, na si kwa kusahau. Nilipomwambia nitaandika haya alikataa. "Mimi si hadithi yako ya Japani," akasema. "Liweke pale nilipoliandika." Kwa hivyo ile picha nimeirudisha leo asubuhi, nzima. Angalia kona ya chini. Namba bado inaingia.

Za Japani zinaanza kesho. Zimekawia kwa sababu, kumbe, vibao vingine havikukwepeka, na nimekuwa nikikaa usiku na simu nikitafsiri majina.