Umesoma Nini Tangu Mfunguo Nne?



Nataka nikuulize swali moja, nawe ulijibu ndani ya moyo wako bila ya kumtazama mtu usoni. Tangu Mfunguo Nne, yaani tangu ulipoandama mwezi wa Muharam na mwaka wetu ukaanza, umesoma nini kwa starehe yako? Siulizi vitabu vya mtihani, wala barua za kazini, wala masuala unayoyadurusu kwa mwalimu wako. Nauliza kile ulichokisoma kwa kupenda, baada ya Isha, miguu umeinyoosha, na hapana aliyekuamrisha. Jina lake nini? Nani aliyekitunga? Ulikimaliza, au ulikiacha njiani?

Hukumbuki. Nami sishangai, kwani swali hili nimewauliza watu wengi hapa kwetu Olasiti: wenye maduka, vijana wa bodaboda, walimu wa shule, na hata wanafunzi wangu wakubwa wa chuoni. Jawabu lao karibu ni moja: "Sheikh, mimi sisomi, sina nafasi." Basi nikakaa nikatazama. Huyu asemaye kwamba hasomi, kila jioni ameiinamia simu yake anasoma hadithi inayotumwa kipande kwa kipande, na kipande kikichelewa hununa kama mtu aliyecheleweshewa mshahara. Mlinzi wa usiku ana gazeti la wiki iliyopita alilopewa na tajiri wake, naye amelisoma lote mpaka matangazo ya mnada. Watu hawa wanasoma! Ila hawana habari kwamba wanasoma, kwa kuwa hapana hata mmoja wao aliyeandika popote kuwa amesoma.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu, na ndiyo sababu nikashika kalamu. Kusoma kwetu kwa starehe hatukuandiki. Kisha akitokea mtu akasema kwamba Mwafrika ukitaka kumficha jambo litie kitabuni, sisi wenyewe ndio wa kwanza kucheka na kuitikia. Umma ambao neno la kwanza la Wahyi wake lilikuwa amri ya kusoma unachekea maneno haya! Na tutamjibu kwa ushahidi gani, ilhali hatuna hata karatasi moja ya kumwonyesha?

Nchi yetu imewahi kuhesabu, lakini ilihesabu jambo jingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wakakaa chini ya miti na ubao wa chaki, na ilipofika mwaka 1986 ikatangazwa kwamba watu wazima wajuao kusoma wamefika kiasi cha asilimia 90. Ilikuwa kazi kubwa, na waliohangaika nayo Mungu awalipe. Walakini waliohesabiwa ni wajuao kusoma. Walichokisoma baada ya hapo, majumbani mwao, taa ikiwaka, nani aliyekihesabu? Hiyo si kazi ya serikali. Ni kazi yako wewe.

Ingia katika duka lolote hapa kwetu. Chini ya mizani pana daftari la kaunta, pembe zimekunjika na jalada limeshika mafuta. Humo pameandikwa: mama fulani, sabuni mche mmoja, baba fulani, unga kilo mbili. Mwenye duka atakutajia deni la shilingi 500 la tangu kabla ya masika, na siku lilipochukuliwa, na mtoto aliyetumwa kulichukua. Imam Ghazali katika Ihyaa ana kitabu kizima juu ya kuichunga nafsi na kuifanyia hisabu, na mfano alioutumia ni huu huu wa biashara: nafsi ni mshirika wako uliyemkabidhi mtaji, huna budi kumwekea masharti kabla ya kazi na kukaa naye kwa hisabu baada yake. Na mtaji wenyewe ni umri. Sasa piga hesabu. Anayesoma saa moja tu kila usiku, kwa mwaka ametumia zaidi ya saa 350. Saa 350 za umri wake, wala hana mstari mmoja wa kuonyesha zimekwenda wapi! Lau mshirika wake wa dukani angemfanyia hivyo, mngelikuta wamekwisha fika kwa mjumbe.

Najua watakaonijibu, na wa mwanzo ni wenzangu, walimu wa vyuoni. Watasema: kalamu ni kwa ajili ya elimu, hadithi za kubuni ni laghwi, mwenye kuzisoma na azisome, lakini kuziwekea daftari ni kuutukuza upuuzi. Nawaheshimu, ila hapa nawapinga, na shahidi wangu simtoi Ulaya, namtoa Baghdad. Ibn an-Nadim alikuwa muuza vitabu na mnakili. Katika mwaka 377 wa Hijra, sawa na mwaka 987 wa Miladi, aliandika Al-Fihrist, orodha ya vitabu vya lugha ya Kiarabu alivyovijua, ikiwa na makala kumi. Ndani yake mna Qur'ani na elimu zake, nahau, mashairi, fiqhi, falsafa na tiba. Je, hadithi za kupitishia usiku alizitupa? Hasha! Makala ya nane inaanza nazo. Alikitaja kitabu cha Kiajemi kilichoitwa Hazar Afsan, yaani Hadithi Elfu, akaeleza namna yule binti alivyokuwa akimsimulia mfalme usiku baada ya usiku ili auokoe uhai wake, akasema kwamba amekwisha kukiona kitabu hicho chote zaidi ya mara moja. Kisha akatoa hukumu yake: kitabu dhaifu, masimulizi yake hayana joto.

Tazama adabu ya mtu yule! Kitabu hakukipenda, lakini alikiandika. Na alipokiandika hakuficha kwamba hakukipenda. Leo kila mwanachuoni anayetafuta asili ya Alfu Lela Ulela hana budi kupita katika ile mistari michache ya muuza vitabu wa Baghdad. Lau angelikuwa na mawazo ya wenzangu, angelisema huu ni upuuzi na kuupita, nasi leo tungelikuwa tunapapasa gizani.

Tena wazee wetu hawakuandika vitabu peke yake. Katika kurasa za mwisho za vitabu vya Hadithi vilivyosomwa hadharani, waliandika majina ya waliohudhuria, na siku, na mahali, na pengine wakaongeza kwamba fulani alichelewa, na fulani alikuwapo lakini alisinzia. Watu walioandika nani amesinzia ndio tunaojinasibisha nao, nasi hatuandiki hata jina la kitabu.

Wala tusidhani kwamba hasara hii ni ya mbali. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa ya baraza, ya kutaniana, ya kujibizana, mambo ya starehe hasa. Aliyeyakusanya baadaye kutoka vinywani mwa watu ni Mwalimu Sikujua, na aliyeyapokea kwake na kuyahifadhi ni W. E. Taylor, mmishionari wa Kiingereza. Diwani ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia kamili baada ya kufa kwa mwenyewe, na karatasi za Taylor mpaka leo ziko London. Kwa bahati ya Mwalimu mmoja aliyejali na mgeni mmoja aliyekuwa na sanduku, tumebakiwa na Muyaka. Waliopita bila ya Mwalimu Sikujua wao ni wangapi?

Mwengine atanijibu kwa upande wa pili kabisa. Atasema: "Sheikh, mimi daftari ninalo, nimesoma vitabu 52 mwaka huu, kila wiki kimoja," na wakati huo huo anamwonyesha kila aliye karibu naye. Huyu namwogopea zaidi kuliko asiyeandika. Kwanza, hiyo ni riya, na riya hula amali. Pili, mwenye kukimbilia idadi huchagua vitabu vyembamba. Daftari ninalolitaka mimi hukaa mtoni mwa kitanda, pamoja na hati ya kiwanja, wala halitoki kwenda barazani. Wala jumla usiiandike mpaka mwaka uishe.

Basi faida yake ni nini kama si ya kuonyeshwa watu? Nitakuhadithia. Yuko kijana mmoja hapa kwetu, dereva wa bodaboda, mwerevu, katika wale wanaosema hawasomi. Nilimwambia aandike kila hadithi ya simuni anayoimaliza: jina lake, siku aliyoianza, siku aliyoimaliza, na maneno mawili matatu ya kueleza ilihusu nini. Akacheka, lakini akaandika, nyuma ya daftari alilokuwa akitilia hesabu ya mafuta. Baada ya miezi sita akaniletea. Hadithi kumi na nne. Akanisomea mwenyewe, mstari baada ya mstari: binti maskini na tajiri, binti yatima na tajiri, mtumishi wa ndani na mtoto wa tajiri. Alipofika ya tisa sauti ikapungua. Alipofika ya kumi na mbili akafunga daftari akasema: "Sheikh, kumbe nimesoma hadithi moja mara kumi na nne, na kila mara nimeilipia."

Mimi sikumwambia neno. Hukumu aliitoa yeye juu ya mwandiko wake mwenyewe. Lau ningelimhutubia juu ya hadithi zile mwaka mzima asingelinisikia, kama wasivyotusikia vijana wengi tunaowapigia kelele. Akaniomba hadithi ya namna nyingine. Nikampa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kile kilichoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958 na kupigwa chapa mwaka 1960, nikijua wazi kwamba wenzangu watanilaumu kwa kumpa kijana hadithi ya mauaji na Bwana Msa na kiko chake. Na walaumu. Kijana yule sasa anauliza maana ya maneno ya Kiswahili ambayo wazazi wake hawakuwahi kumfundisha, na katika daftari lake ameandika kwamba alimshuku mtu siye. Mtu aliyeandika kwamba alimshuku siye amesoma huku akili yake iko macho.

Kuna na hasara nyingine inayomjia mtu kimya kimya. Darwin, yule Mwingereza wa mambo ya viumbe, ambaye sina haja ya kugombana naye hapa, alikuwa na madaftari ya vitabu alivyosoma tangu mwaka 1838 hadi 1860, vya kazi yake na visivyo vya kazi. Na uzeeni alieleza kwa huzuni kwamba ladha ya mashairi, aliyokuwa nayo ujanani, ilikuwa imemtoka kabisa. Mwenye daftari aweza kuona safu moja inapungua mwaka hadi mwaka. Asiye na daftari ataijua siku imekwisha.

Mtaniambia vitabu ni ghali. Ni kweli, ni ghali, na mwenye watoto watano hatanunua riwaya akaacha unga. Lakini Huduma za Maktaba ziliwekwa kwa sheria tangu mwaka 1963, na maktaba ya mkoa iko hapo mjini Arusha, safari moja ya daladala. Kuna na kuazimana. Na hapa daftari ni dawa ya maradhi mengine: andika kitabu umekitoa kwa nani, na umempa nani baada yako. Mimi nina vitabu vitatu vilivyotoka nyumbani kwangu kwa maneno "wiki moja tu, Sheikh", na wiki hiyo ina miaka saba. Waliovichukua ninao wameandikwa, na siku waliyovichukua, na wakisoma makala haya wajue hivyo.

Watu wameniuliza pia habari ya kitabu kilichoachwa njiani, kiandikwe au kisiandikwe? Kiandikwe, na ukurasa ulioishia uandikwe, na sababu, hata ikiwa sababu ni umeme kukatika. Gazeti je? Habari iliyokukalia kichwani siku mbili, iandike. Na kinachosomwa katika simu ni kusoma, wala usikionee haya.

Swali lililonipendeza kuliko yote aliniuliza mama mmoja aliyeletea chuoni wajukuu zake. Kila usiku huwasomea kitabu kile kile cha hadithi za Abunuwasi, kwani ndicho walicho nacho, na hawataki kingine. Je, akiandike mara moja, au kila usiku? Nilimjibu akiandike kila usiku, hata kama ni usiku wa thelathini. Na usiku watakapokikataa wenyewe, siku hiyo pia aitie tarehe, na aandike ni yupi kati yao aliyekikataa kwanza.