Dawa ya Mgonjwa Iwe na Mlinzi Mmoja

Mgonjwa akirudi nyumbani kutoka hospitali, kila mtu hupenda kumsaidia. Asubuhi shangazi humpa vidonge. Kijana akitoka shambani humpa tena. Jioni jirani huleta dawa iliyobaki nyumbani kwake. Wote wana nia njema. Lakini dawa ikizidi kipimo hugeuka sumu, hata ikitolewa kwa nia njema.

Mimi naona dawa ya mgonjwa iwe na mlinzi mmoja. Mlinzi huyo awe mtu anayejua kusoma. Wewe uliyehitimu kisomo, kazi hiyo ni yako.

Kwanza, soma bahasha ya dawa. Ikiandikwa 2 x 3, maana yake ni vidonge 2, mara 3 kwa siku. Yaani vidonge 2 kila baada ya saa 8.

Pili, andika. Kila mgonjwa anapomeza dawa, andika katika daftari siku, saa na idadi ya vidonge. Atakayekupokea atasoma. Hatabahatisha.

Wengi huidharau dawa ya maumivu iitwayo parasetamoli. Mtu mzima asimeze zaidi ya vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, usiku na mchana. Vikizidi huweza kuharibu ini. Tena dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Asiyesoma atampa mgonjwa zote mbili.

Tatu, dawa imalizwe. Dawa ya kifua kikuu kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Mgonjwa hupata nafuu mapema, akasema amepona. Akiacha, vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu, na dawa ile isiviue tena.

Wako wanaosema kuwa kumuuliza mganga au muuguzi maswali ni kumkosea adabu. Sikubaliani nao. Uliza: Dawa hii ni ya nini? Humezwa kabla ya chakula au baada? Mgonjwa akiitapika, nifanye nini? Kuuliza si ujinga.

Dawa ikae mahali pakavu, juu, watoto wasipofika. Ikibaki, usimpe jirani. Irudishe zahanati.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma ili tuandike barua na tusipunjwe kwenye mizani. Sasa tusome na bahasha ya dawa. Kosa la barua hufutwa. Kosa la dawa halifutiki.