Mtoto mwenye hofu ahitaji mwenzi, si kiboko

Lugha yetu imemfunga mbwa na mgonjwa wa akili katika neno moja: kichaa. Tukisema kichaa cha mbwa twamaanisha maradhi yanayoua. Tukimwita mtu kichaa twamaanisha kwamba tumekwisha kumtoa katika hesabu ya watu. Si ajabu basi kwamba anayesikia kuwa katika nchi nyingine mbwa hufunzwa kumhudumia mtoto mwenye maradhi ya hofu au ya huzuni hucheka kwanza, akauliza baadaye. Mimi naona jambo hili halifai kuchekwa. Lina funzo kwa walimu na wanafunzi wa Olympic, kule Kibera, na wa Kawangware pia, hata kama mbwa wa aina hiyo hataingia madarasani mwetu leo wala kesho.

Kwanza yafaa tuielewe kazi yenyewe. Mbwa wa huduma si mbwa wa kuchezewa. Hufunzwa kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja, ili azitambue dalili za mtu mmoja anayemhudumia: mikono inapoanza kutetemeka, pumzi zinapokwenda mbio, mtoto anapoanza kujikwaruza au kujiuma. Hapo mbwa humgusa kwa pua ili fahamu zimrudie, au humlalia mapajani ili uzito wake umtulize, au humwamsha anapoweweseka usiku. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1990 kuhusu watu wenye ulemavu, pamoja na kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka wa 2011, hutofautisha mbwa aliyefunzwa kazi maalumu na yule anayeliwaza kwa kuwapo tu.

Wazo la mbwa kuwa msaidizi wa tabibu lilipata umaarufu kwa mwanasaikolojia wa watoto wa New York, Boris Levinson. Aligundua kwamba mtoto aliyekataa kuzungumza na watu wazima alikuwa tayari kuzungumza mbele ya mbwa wake, Jingles. Alipowaeleza wenzake mapema katika miaka ya 1960, baadhi yao walimfanyia mzaha. Leo tafiti zimeongezeka, ingawa nyingi zilizo imara zimewahusu wanajeshi wastaafu, na ushahidi kuhusu watoto ungali haba. Nalisema hili wazi ili msomaji asidhani kwamba nauza dawa ya miujiza.

Hata hivyo, hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Gulu, kaskazini mwa Uganda, ni mji uliokaa takriban miaka 20 chini ya kivuli cha vita vya Joseph Kony na kundi lake la LRA. Watoto kwa maelfu walitekwa nyara, na wengine maelfu walitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini ili wasichukuliwe usiku. Mmoja wa waliojeruhiwa ni Francis Okello Oloya, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka 12 jembe lake lilipogonga bomu shambani. Katika shule ya bweni, mbwa ndio waliomsindikiza usiku alipohitaji kutoka nje. Baadaye alisomea saikolojia na kuanzisha, chini ya shirika la BIG FIX Uganda, mradi wa kuwaunganisha manusura wa vita na mbwa waliookotwa mitaani.

Utaratibu wa mradi huo ni wa busara. Mbwa hutibiwa, huchanjwa na kupimwa tabia kabla ya kukabidhiwa mtu. Kisha mtu na mbwa hujifunza pamoja kwa miezi kadhaa. Hawa si mbwa wa huduma kwa maana kali ya sheria ya Marekani, ni wenzi. Lakini mtu aliyekuwa amejifungia ndani na kumbukumbu zake hulazimika kutoka, kwa kuwa mbwa ahitaji kula, kutembea na kuelekezwa. Aliyezoea kuhudumiwa kama mzigo huwa sasa yeye ndiye mlezi. Waama, hiyo ni tiba.

Je, twaweza kuuhamisha mpango huo hadi Olympic? Nasita. Familia nyingi za Kibera huishi katika chumba kimoja, na penye watoto wanaolala na njaa ni vigumu kumtengea mbwa sahani. Makina, jirani ya Olympic, ni makao ya Wanubi, Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Heshima kwao haina mjadala. Aidha, karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa ya waathiriwa. Serikali yetu ilitoa mwaka wa 2014 mpango wa kuyamaliza maradhi hayo kufikia 2030. Kabla ya kuota mbwa wa tiba, tuwachanje mbwa koko wanaopita kando ya reli.

Lakini mtu akishakubali kwamba mbwa mwenyewe haji, asidhani kwamba mjadala umefungwa. Swali ni hili: thamani ya mbwa yule iko wapi? Naiona katika mambo matatu. Yupo kila siku. Amefunzwa kutambua dalili kabla mambo hayajaharibika. Na hamwambii mtoto, "Jikaze!" Mambo hayo matatu hayahitaji manyoya wala mkia. Yahitaji shule iliyoamua.

Na tuitazame shule yenyewe. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure Januari 2003, Shule ya Msingi ya Olympic, iliyokuwa ikisifika kwa matokeo ya mitihani, ilifurika wanafunzi. Katika darasa lililojaa, mtoto anayenyamaza ni baraka kwa mwalimu, wala si dalili. Anayelalamika tumbo kila asubuhi ya mtihani huitwa mwigizaji. Anayelala juu ya dawati huitwa mvivu. Hakuna anayeuliza aliona nini nyumbani. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaachia majeraha wengi ambao leo ni wazazi. Julai 2018, nyumba na shule kadhaa za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Kuna watoto waliotazama matingatinga yakilipitia darasa lao.

Wapo watakaonijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Nakubali, ila kumkunja samaki si kumponda. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kuwa kosa la jinai. Bado kiboko hakijatoweka. Kwa mtoto ambaye maradhi yake ni hofu, kiboko ni sawa na kumwagia petroli anayeungua.

Na watoto hao si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wenye umri wa miaka 10 hadi 17, uliotangazwa mwaka wa 2022, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 walikuwa na tatizo fulani la kiakili katika mwaka uliotangulia, na takriban asilimia 12 walifikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Katika darasa la watoto 50, hao ni sita.

Nimesikia walimu wakisema kwamba wao si madaktari na kwamba mzigo walio nao unatosha. Wana haki. Lakini Kibera yenyewe imekwisha kutoa jibu. Mradi wa Shamiri, ulioasisiwa na Mkenya Tom Osborn, uliwatumia vijana waliotoka tu shule ya upili, wakafunzwa kwa muda mfupi, kuongoza vikundi vya wanafunzi wenye huzuni na wasiwasi. Katika jaribio lililohusisha wanafunzi 51 wa shule moja ya Kibera, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2020, dalili za waliohudhuria vikundi hivyo zilipungua zaidi ya za wenzao waliofunzwa tu mbinu za kusoma. Hapakuwa na daktari darasani. Walikuwapo vijana waliofunzwa, waliofika siku waliyoahidi na kusikiliza.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wizara ya Elimu na mwajiri wa walimu wampunguzie vipindi mwalimu wa ushauri nasaha, na wampe chumba chenye mlango unaofungika. Haiwezekani afundishe siku nzima kisha asikilize siri za watoto koridoni. Vyuo vya ualimu vimfunze kila mwalimu kuzitambua dalili za hofu na sonona, na kituo cha afya cha karibu kiwe tayari kumpokea mtoto, ili Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, isiwe mlango wa kwanza na wa pekee. Nanyi wanafunzi, liacheni neno kichaa. Mwenzenu akitetemeka mbele ya ubao, msicheke. Kaeni naye, kisha mwambieni mwalimu mnayemwamini.

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya hatuyafichi kwa kukosa macho, bali kwa kukosa subira ya kukaa kando ya mtoto hadi pumzi zake zitulie. Ikiwa mbwa aliyeokotwa mitaani mwa Gulu ameweza kufundishwa subira hiyo, itakuwa aibu kwetu sisi wenye vyeti kusema kwamba hatuiwezi.