KARATASI YA RISITI SI KARATASI TU



Tulipouliza habari za karatasi za risiti, bwana mmoja wa ofisi alitucheka, akasema karatasi haijapata kuua mtu. Basi na asikilize.

Karatasi ile haitiwi wino. Imepakwa dawa, na mashine ikiipasha joto maandishi hutokea. Ikwaruze kwa ukucha, utaona mstari mweusi. Kwa miaka mingi dawa iliyotumika sana ni bisfenoli A, nayo haishikamani na karatasi, bali huambaa vidoleni na kupenya ngozi. Tangu mwaka 1936 wataalamu wa London walijua kwamba huiga homoni ya kike.

Sisi watu wa reli tutafahamu upesi. Jeni za mwili ni kama njia za reli, na homoni ni mtu wa bendera, ndiye aamuruye njia hii ifunguliwe na ile ifungwe. Bisfenoli ni mgeni aliyeshika bendera isiyo yake. Reli haikung'olewa hata moja, lakini gari limepitishwa njia siyo. Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, panya majike walilishwa dawa hii kabla ya kuzaa na walipokuwa na mimba. Watoto wengi zaidi wakazaliwa na manyoya ya manjano, kwa sababu alama zinazofunga jeni moja zilikuwa zimepungua. Panya ambao jeni hiyo imeachwa wazi hunenepa mno na kupata kisukari.

Watasema panya si karani. Haya! Lakini nchi za Umoja wa Ulaya hazikungoja makarani waugue: tangu Januari 2020 karatasi hiyo ni marufuku huko ikiwa na bisfenoli A sehemu 2 au zaidi katika 10,000. Watasema ni kidogo. Homoni nayo hufanya kazi kwa kidogo! Na dada zetu wa dirishani, wengine wana mimba, hushika risiti kutwa, tena kwa mikono iliyopakwa dawa ya kuua viini, ambayo huzidisha kupenya kwake.

Tena tusidanganywe kwa karatasi ya bisfenoli S. Huyo ni ndugu yake, naye huiga homoni vilevile.

Katibu wa tawi aulize kwa barua: karatasi yetu imepakwa nini? Tunataka karatasi isiyo na bisfenoli yoyote, na mpaka ije, glavu kwa kila dirisha. Jibu liwe la maandishi, lisomwe mbele ya mkutano.