Video za treni: keti na mwanao kwenye kiti cha dereva

Msomaji mmoja wa safu hii, mama wa mtoto wa darasa la kwanza, ananiuliza afanye nini. Mwanawe hataki tena katuni. Akipewa simu anatafuta video za treni, na si za treni inayopita, bali zile zilizopigwa kutoka chumba cha dereva. Reli mbili mbele, nguzo zinapita, handaki linakuja, stesheni inapita. Hakuna anayeongea, hakuna hadithi, na mtoto ametulia saa nzima. Mama anataka kujua kama kuna tatizo.

Mama, hakuna tatizo. Mwanao ana wenzake wengi duniani, na wengi wao ni watu wazima wenye ndevu. Hata hivyo umefanya vizuri kuuliza. Video hizi zinaweza kuwa darasa bora la usalama wa reli kuliko mahubiri yetu yote. Zinaweza pia kumfundisha mtoto kwamba reli ni mahali pa kuchezea na simu. Tofauti inaletwa na mtu mzima aliyeketi pembeni yake.

Si jambo jipya

Mwishoni mwa karne ya 19, sinema ilipokuwa bado changa, wapiga picha wa Marekani na Uingereza walifunga kamera mbele ya kichwa cha treni na kuwaonyesha reli watu waliokaa ukumbini. Safari hizo ziliitwa za mzuka, kwa sababu mtazamaji alijiona anasonga mbele bila kuona kinachomsukuma.

Waliolifanya kuwa jambo la familia nzima ni Wanorway. Tarehe 27 Novemba 2009, runinga ya taifa ya huko, NRK, ilirusha safari nzima ya treni kutoka mji wa pwani wa Bergen hadi mji mkuu, Oslo, kuadhimisha miaka 100 ya reli hiyo. Kipindi kilichukua zaidi ya saa saba, sawa na safari yenyewe. Kamera ya mbele ilionyesha anachokiona dereva: mabonde, mahandaki mengi, na mlima hadi stesheni ya Finse iliyo mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Treni ikiingia handakini, watazamaji walionyeshwa picha za zamani za reli hiyo.

Watu wapatao milioni 1.2 waliangalia walau sehemu ya kipindi hicho, katika nchi ambayo wakati huo haikufikisha watu milioni tano. Baadaye NRK waliiweka video hiyo kwenye intaneti bure.

Kwa nini mtoto hachoki

Katika katuni nyingi picha inabadilika kila baada ya sekunde chache, na mtoto anavutwa huku na huku. Kwenye video ya dereva picha ni moja na haikatiki. Kitu kinaonekana kwa mbali kikiwa kidogo, kinakua, kinafika, kinapita. Mtoto anapata nafasi ya kubashiri. Ile ni stesheni au daraja? Tutasimama au tutapita? Akipatia, anafurahi. Akikosea, hakuna anayemcheka, na kitu kingine kinakuja.

Huo ni utulivu mzuri, lakini utulivu usikulaze. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Wa mwaka mmoja hashauriwi kuangalia kabisa. Treni ikienda polepole haibadilishi hesabu hiyo.

Somo la kioo cha mbele

Abiria anaona mambo kupitia dirisha la pembeni. Dereva anaona kupitia kioo cha mbele, na hapo ndipo mtoto anapoweza kuelewa jambo moja ambalo hata watu wazima wengi hatulijui vizuri: treni haikwepi.

Dereva wa treni hana usukani wa kukwepa. Ana honi na breki, basi. Magurudumu ni ya chuma, reli ni ya chuma, na chuma juu ya chuma huteleza. Treni inayokimbia kilomita 160 kwa saa inakwenda karibu mita 44 kila sekunde. Hesabu na mwanao mmoja hadi tano, taratibu. Treni imeshapita zaidi ya urefu wa viwanja viwili vya mpira. Dereva akifunga breki kwa nguvu zote katika mwendo huo, treni itasimama baada ya kilomita moja au zaidi.

Sasa rudini kwenye video. Subirini kivuko kinachofuata, pale barabara inapokatiza reli. Utasikia honi mapema, wakati kivuko bado ni nukta. Mwulize mtoto: kama kuna mbuzi pale, dereva afanye nini? Watoto wengi watasema asimame. Wacheni treni isogee, mwone nukta ile inavyokuja upesi. Hakuna hotuba itakayomwingia mtoto kama hiyo. Akishaona kwa macho ya dereva, ataelewa kwa nini mama anamvuta mkono asivuke wakati treni inaonekana iko mbali.

Mwambie pia kwamba dereva ni mtu. Anayemgonga mtu relini, hata bila kosa lake, hubaki na picha hiyo kichwani kwa muda mrefu.

Simu ya mtu wa chumba cha mbele

Kuna upande mwingine ambao mzazi lazima aujue. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, California, treni ya abiria ilipita taa nyekundu na kugongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa, dereva wa treni ya abiria akiwa mmoja wao, na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Wachunguzi walikuta dereva huyo alikuwa akituma ujumbe kwa simu hadi sekunde chache kabla ya ajali. Aliokuwa akiandikiana nao ni pamoja na vijana wapenda treni, na alikuwa amepanga kumwacha mmoja wao aendeshe. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani ikapiga marufuku madereva wa treni kutumia simu zao binafsi kazini.

Kosa halikuwa la vijana kupenda treni. Mtu mzima ndiye aliyetakiwa kusema hapana.

Kwa hiyo video za chumba cha dereva zina aina mbili. Nzuri ni ile ambayo kamera imefungwa kwenye kioo, picha haitikisiki, na dereva haonekani akiishughulikia. Kwenye baadhi ya hizi utasikia mlio mdogo unaojirudia. Mara nyingi ni kifaa kinachomtaka dereva athibitishe kuwa yuko macho. Asipobonyeza, breki zinajifunga zenyewe. Mbaya ni ile ambayo simu iko mkononi, inamgeukia dereva anayeendesha, naye anacheka na kusalimia watazamaji. Ukikutana nayo, izime, na mweleze mtoto kwa nini umeizima. Katika sekunde tano za kusalimia, viwanja viwili vya mpira vimepita bila macho.

Hapa kwetu

Mambo haya hayako mbali tena. Treni za umeme za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata zikafika Dodoma. Wenzetu wa Kenya wana treni yao ya Mombasa hadi Nairobi tangu 2017. Watoto wetu wanasafiri, wanapiga video, na wanataka kuwa wao ndio wenye picha kali.

Waambieni mambo mawili. La kwanza, waya zilizo juu ya reli ya SGR ya Tanzania zina umeme wa volti 25,000. Umeme huo unaweza kumfikia mtu kabla hajaugusa waya, kwa hiyo kunyoosha fimbo ya selfi kutoka darajani si mchezo. La pili, treni ya umeme ina kelele kidogo. Anayesubiri kusikia ndipo atoke relini anaweza kuchelewa. Na kwenye reli ya zamani, kama ile inayokatiza mitaa ya Dar es Salaam kuelekea Pugu, watu wanapita juu ya mataruma kama njia ya mkato. Mtoto hujifunza hilo kwetu, si kwenye simu.

Namna ya kuangalia pamoja

Kwanza, mwisho wa kuangalia uwe stesheni. Video hizi hazina mwisho wa hadithi, ndiyo maana mtoto hulia ukimnyang'anya simu. Mkubaliane mapema: tunashuka stesheni ya pili. Treni ikisimama, mnashuka, simu inawekwa.

Pili, zima kile kitufe kinachofungulia video inayofuata yenyewe. Baada ya safari mbili tatu tulivu, simu inaweza kukuletea mkusanyiko wa ajali za treni, na mtoto wa miaka sita hana haja ya kuona hayo. Pakua mbili tatu ulizozikagua mwenyewe, kwa ubora wa chini. Bando lako litakushukuru.

Tatu, igeni madereva wa Japani. Wao huinyooshea kidole kila taa na kuitaja kwa sauti, hata wakiwa peke yao chumbani, ili macho, mkono na mdomo vifanye kazi pamoja na akili isilale. Mfanye mwanao kuwa dereva wa namna hiyo kwenye kochi. Kisha hamishieni mchezo barabarani: kabla ya kuvuka anyooshe kidole kulia, aseme "hakuna gari", kushoto, "hakuna bodaboda", kulia tena, ndipo mvuke.

Nne, mkipata nafasi, mpeleke kwenye treni ya kweli. Apige video yake akiwa ameketi dirishani ndani ya behewa, au amesimama na wewe nyuma ya mstari wa stesheni. Kama anatamani kuona chumba cha dereva, muulizeni mhudumu treni ikiwa imesimama. Akisema hairuhusiwi, mshukuru mbele ya mtoto. Mtoto aone kwamba mtu anayekataa kuvunja utaratibu wa reli anastahili heshima, kwa sababu ndiye anayewafikisha salama.

Wiki ijayo tutazungumzia mtoto anayeogopa giza. Hadi hapo, safari njema.